Na Kupokea Ni Nini?

Hotuba niliyoitoa mbele ya chama chetu cha kusaidiana, Katuba, Lubumbashi. Siku ile mvua ilianza kabla ya saa nane, nusu ya wanachama hawakufika, na sasa wanadai haki yao. Nimeiandika kama nilivyoisema chini ya mwembe, katika lupango, yaani kiwanja cha nyumba, la mwenyekiti. Nimeacha tu mahali nilipokohoa na pale tuliposimama kuhamisha viti.

Jambo yenu, wamama. Jambo yenu, wababa. Vijana, jambo yenu, na ninyi watoto mliopanda ukuta ingawa mama zenu wamewakataza, jambo yenu pia.

Mwenyekiti amenipa dakika 30. Ananifahamu vizuri: amesema 30 akijua nitachukua 45. Ameniomba niseme juu ya kusaidiana, kwa kuwa leo tunafunga daftari la mwaka na kufungua jipya. Kabla sijaanza nina maswali mawili, mnijibu kwa mikono.

La kwanza. Nani hapa anajua kutoa?

Naam. Karibu wote. Hata wewe, papa, mwenye deni la miezi mitatu, nimeuona mkono wako. Haidhuru.

La pili. Nani hapa anajua kupokea?

Mmecheka. Mnatazamana. Naona mikono minne, na mitatu ni ya watoto wa ukutani.

Tunasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo tumelelewa nayo. Na kupokea ni nini? Nani aliwahi kukaa chini akafundishwa? Mimi nimefundisha biolojia katika shule za sekondari za mji huu kwa miaka 34. Nimesahihisha mitihani ya watoto ambao leo ni waganga na mainjinia. Lakini somo hili la kupokea nimelifeli, nimelifeli mara nyingi, tena mbele ya watu. Leo nataka kuwaeleza nilivyolifeli.

Nitaanzia msituni, kwa sababu huko ndiko nilikoliona mara ya kwanza nisilielewe.

Nilipokuwa mtoto, mvua zikishashika, kama mwezi wa 12 hivi, mama yangu alituamsha kukiwa bado giza twende kutafuta bowa, uyoga wa msituni. Tulikwenda kwa miguu. Kwa miguu, vijana! Kutoka nyumba za mwisho za mji hadi miti ya kwanza haikufika saa nzima. Leo mnaziona baiskeli za makala, mkaa wa kupikia, zinavyoingia mjini alfajiri: magunia matatu yamefungwa kwa kamba za mpira, na mwenye baiskeli hapandi, anasukuma, kwa sababu ametoka mbali na atarudi mbali. Msitu umetukimbia. Tusimtafute wa kumlaumu nje ya hapa. Umeme unakuja siku ukitaka wenyewe, sombe letu la majani ya muhogo haliivi kwa maombi, na kila mbabula, jiko la makala, iliyowashwa Katuba leo asubuhi ina kipande cha muombo, mti wa msitu ule, ndani.

Basi tulipofika, sisi watoto tulitazama chini. Bowa si ziko chini? Mama alitazama juu. Alikwenda polepole, ameinua kidevu, anasoma majani kama mtu anayetafuta namba ya nyumba. Kisha akasimama. Akainama, akafukua majani yaliyooza kwa kijiti, na hapo zilikuwepo: nyekundu na za rangi ya chungwa, zimefunguka kama tarumbeta ndogo, zimeuzunguka mti ule mmoja. Mti wa jirani, wa aina nyingine, hakuna kitu. Nikamuuliza, mama, umejuaje? Akasema, "Hii ni ya mti huu. Mti ukikatwa, haitoki tena." Akaendelea kuchuma.

Hakuwahi kuketi darasani. Mimi nilisubiri hadi chuo kikuu ndipo nikaelezwa kwa nini alikuwa na haki.

Sikilizeni, ni jambo dogo lakini zuri. Msitu wetu unaitwa miombo, na dunia nzima inauita hivyo hivyo. Wataalamu waliokuja na majina yao ya Kilatini, hili hawakulibadilisha. Udongo chini ya miombo ni wa zamani mno. Mvua za miaka isiyohesabika zimeuosha, na chakula kilichobaki humo ni kidogo, kimejificha. Mizizi ya mti peke yake haikifikii. Sasa, zile bowa tunazochuma ni matunda tu. Mwili wenyewe uko chini: nyuzi nyembamba kuliko uzi wa buibui, nyingi, zinapenya mahali ambapo mzizi haupiti. Nyuzi hizo zinaivalisha ncha ya mzizi kama soksi inavyovalisha kidole. Zinaleta maji, zinaleta fosforasi, zinaleta naitrojeni. Mti nao unatengeneza sukari kwa jua, na sehemu isiyo ndogo ya sukari hiyo unaiteremsha chini, kwa nyuzi.

Wapo wanaosema miti inapendana, inaongea, inalea watoto wake. Mimi sisemi hivyo. Mwalimu wa biolojia akisema mti unapenda, wenzake watamcheka, na watakuwa na haki. Nasema hili tu: mti ule mkubwa, mita 15 kwenda juu, wenye kivuli cha kukaa watu 20, unaishi kwa kupewa. Kila siku unapewa, na anayeupa ni kitu ambacho huwezi kukiona vizuri bila kioo cha kukuzia. Je, umepungukiwa heshima? Kuna mtu amepita chini yake akasema, huyu ni ombaomba?

Na kichuguu? Ah, naona fundi wetu wa matofali ameinamisha kichwa. Usiogope, kaka, nyumba yangu pia imejengwa kwa kichuguu. Lakini mjue mnachovunja. Mchwa wale wakubwa hula mti mkavu, na mti mkavu ni mgumu kuvunjika tumboni. Kwa hiyo ndani ya kichuguu wana shamba. Wanabeba vipande vya majani na kuni, wanalima humo aina ya kuvu, na kuvu hiyo inawapikia. Mvua ikinyesha, kwenye baadhi ya vichuguu vya misitu yetu na ya Zambia kunachomoza kutoka shamba hilo uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani. Kofia yake inaweza kukaribia mita moja! Mtoto akijikinga nayo mvua, hanyeshewi. Watafiti walipima umri wa vichuguu vikubwa karibu na mji huu wa Lubumbashi, wakakuta kimoja ambacho mchwa walianza kukijenga kabla Yesu hajazaliwa. Miaka zaidi ya 2,000, tembe kwa tembe. Sisi tunakimaliza kwa wiki mbili na koleo tatu. Haya, hilo nalisema kama mchomo tu, tuendelee.

Nilisema mti unapewa. Lakini msije mkafikiri kupokea ni kukaa mdomo wazi na kungoja. Kuna kuita.

Mnamjua ndege wa asali? Wazee wanamjua. Ni mdogo, rangi ya vumbi, hana sura ya kusimulia. Anajua mahali nyuki walipo, lakini hawezi kuvunja mti wala kustahimili miiba ya nyuki. Mtu ana shoka na moshi, lakini hajui nyuki walipo. Basi wanaungana. Msitu wa miombo unaanzia kwetu huku na Angola, unakwenda mpaka Msumbiji, na kule Niassa, Msumbiji, Wayao wana mlio wao wa kumwita ndege huyu. Wanatetemesha ulimi, "brrr", halafu wanaguna, "hm". Mwaka 2016 watafiti walichapisha hesabu yao. Walipotembea msituni wakitoa sauti nyingine, nafasi ya kuongozwa mpaka kwenye asali ilikuwa kama 17 kwa 100. Walipotoa ule mlio wa Wayao, ilipanda ikafika 54. Ndege ni yule yule, asali ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mtu ameita, tena ameita kwa lugha ambayo ndege anaijua. Baadaye walilinganisha na Wahadzabe wa Tanzania, ambao wao humwita kwa mluzi, wakaona ndege wa kila mahali anajibu zaidi wito wa watu wa kwao.

Asali ikishatolewa, ndege anaachiwa nta. Wazee husema ukimnyima, safari ijayo atakupeleka kwa nyoka. Nyoka huyo mimi sina ushahidi wake. Lakini sijamwona mzee aliyejaribu.

Sasa niulize: sisi wa mjini, mlio wetu wa kuita ni upi? Ukiwa na njaa leo, wewe uliyekaa kiti cha mbele na suti yako, unaitaje?

Nitawaambia mimi nilivyoita. Mwaka niliostaafu, pensheni ilichelewa. Mwezi ukapita, ukapita wa pili, ukafika wa tano. Akiba ikaisha. Nyumbani tulikuwa watatu: mimi, mke wangu na mjukuu. Na ninyi mnajua lupango zetu zilivyo. Ukuta unafika kiunoni, jirani anaona kila kitu. Ikifika saa kumi na moja jioni na moshi hautoki kwako, kesho avenyu nzima inajua. Basi nilikuwa nawasha mbabula. Napanga makala machache, napepea, moshi unatoka vizuri. Naweka sufuria kubwa, namimina maji, nafunika. Maji matupu, ndugu zangu. Yanachemka, mfuniko unacheza, mtu akipita anasema, "Papa Mwalimu, leo ni bukari na nini?" Bukari ndio ugali wetu. Namjibu, "Karibu!" Najua hataingia, maana hakuna anayeingia akiambiwa karibu kwa sauti ile.

Mjukuu wangu alikuwa na miaka 6. Siku moja akaniuliza, "Babu, kwa nini tunapika maji?" Nilimwambia ni ya kuoga.

Makala niliyochoma kwa wiki tatu zile yangenunua unga wa siku kadhaa. Nilikuwa nateketeza msitu ili jirani wasijue nina njaa! Na jirani wa kulia, ambaye hayupo leo, alikuja kuniambia mwaka uliofuata kwamba alijua. Sufuria ya bukari haichemki namna ile, alisema, mwiko hausikiki. Alijua, akaogopa kunitia haya, akanyamaza. Mimi nikanyamaza. Tukakaa hivyo, sisi wawili, ukuta wa kiunoni katikati, kila mmoja akimhifadhia mwenzake heshima. Na mtoto akanywa maji.

Hilo ni somo la kwanza nililolifeli. Msipige makofi, si jambo la makofi.

La pili ni kilio cha mama yangu.

Alifariki mwezi wa 2, mvua zikiwa kali. Wakati huo nilikuwa bado kazini, nina mshahara na vijisenti pembeni, na nilitaka watu waone kwamba mwalimu anaweza kumzika mama yake. Nikawaambia ndugu zangu: hakuna meza ya michango. Sanduku nalipa mimi, turubai nalipa mimi, gari la makaburini nalipa mimi. Yaya wangu, dada yetu mkubwa, alikuwa ameketi kwenye mkeka na wamama wengine. Hakuinua hata sauti. Akasema, "Kumbe mama alikuwa wa kwako peke yako."

Meza ikawekwa. Pale mlangoni, na daftari, na kijana wa kuandika.

Usiku wa kwanza kiwanja kilijaa. Wababa walikuwa kwenye moto na karata zao, wamama wakiimba, chai ikizunguka. Kama saa tatu akaingia kijana anayevuta maji. Mnawajua vijana hawa, wenye mikokoteni na bidoni za njano, wanaoleta maji mabomba yakikauka. Huyu alimletea mama yangu maji miaka mitatu hivi. Alisimama mezani, akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya franka 500. Ilikuwa imekunjwa mara nyingi sana, imelowa, kijana wa daftari alilazimika kuikunjua taratibu isichanike. Franka 500! Nami nimesimama pale na koti langu, nimetoka kulipia sanduku.

Nikamhurumia. Ndivyo nilivyojiambia, namhurumia. Nikamfuata, nikamshika bega, nikamrudishia noti yake mkononi, na juu yake nikaongeza 5,000. Nikasema kwa sauti nzuri ya kibaba, "Mwanangu, wewe hifadhi hii, nunua chakula." Watu walisikia. Nadhani nilitaka wasikie.

Aliinama, akasema asante, akatoka. Hakukaa kwenye moto. Usiku wa pili hakuja.

Yaya aliniita uani, kwenye masufuria. Alikuwa anaosha sahani, hakuacha kuosha. "Yule mtoto jana alikuja kulia na sisi," akasema. "Wewe umemfanya ombaomba."

Wapendwa, nilikuwa na miaka zaidi ya 50. Nina digrii. Nimesimama mbele ya madarasa ya watoto 60 bila kutetemeka. Lakini maneno yale, kutoka kwa mwanamke aliyeishia darasa la nne, anaosha sahani, sikuwa na jibu lake. Mpaka leo sina.

Asubuhi nilimtafuta kijana kwenye bomba ambako hupanga foleni. Nikamwambia nimekosa. Nikamwomba zile 500. Alinitazama kwa muda mrefu, nadhani alifikiri msiba umenivuruga akili. Akasema amekwisha kuzila, zile na zile nyingine. Tukasimama tu, wote wawili tumeshika mkokoteni kama watu wanaotaka kuununua. Halafu akaniuliza, "Kule kwa kilio, maji ya kuosha vyombo yapo?"

Hayakuwepo.

Daftari lile ninalo hapa, nimelileta. Nalishika juu ili mlione, wino wa jalada umefutika. Ukurasa wa tatu. Juu kuna jina la mkubwa mmoja wa kampuni, dola 50. Chini kuna familia kutoka Kamalondo, gunia la unga. Katikati yao imeandikwa jina la kijana, na mbele yake: "maji, bidoni 4". Alizileta, akakaa kwenye moto, akalala juu ya maboksi na wenzake mpaka siku ya mazishi. Miaka miwili baadaye baba yake alipofariki, mimi nilikuwa na mlango wa kuingilia. Mnajua daftari la kilio linavyofanya kazi: kila jina lililomo ni nyumba nitakayokwenda siku yake. Ningebaki na ile noti yangu ya 5,000 na koti langu, ningeingia kwake kama nani?

Kwa hiyo leo tunapofungua daftari jipya, nina ombi moja kwa mwandishi wetu na kwa kamati. Ndugu zangu, tusiweke mchango wa chini. Najua mmekwisha kuandika 2,000 kwa mwezi, nimeiona karatasi. Iondoeni. Aliye na 200 aandikwe 200. Asiye na pesa aandikwe siku za kazi, aandikwe maji, aandikwe kuchunga watoto wa mgonjwa. Mhazini atanikasirikia, hesabu itakuwa ngumu kujumlisha, najua. Basi iwe ngumu.

Naona mhazini ananiangalia saa. Namalizia, namalizia.

Baada ya kustaafu nilipata wazo la kizee: kupanda miombo. Kila mtu anapanda mikalipitusi na akasia, kwa kuwa inakua haraka, na mimi siipingi. Lakini nilitaka mti wenye bowa. Nikaokota mbegu kando ya barabara ya Kipushi, nikajaza vifuko 60 udongo wa lupango langu na mbolea ya mbuzi, nikapanda. Zikaota! Nikawaita majirani waje waone. Baada ya muda majani yakaanza kuwa ya njano. Nikaongeza maji. Yakazidi njano. Nikaongeza mbolea. Ikafa miche 10, ikafa 20, ikafa 41. Ikabaki 19, nayo unaiona tu imeinama kama wanafunzi siku ya matokeo.

Pale kando ya barabara ya Kipushi kuna mama mmoja anauza bowa msimu wa mvua. Mimi namwita Mama Bowa, naye anakubali. Nikamsimulia msiba wa miche yangu. Alicheka mpaka akaweka beseni chini. "Papa Mwalimu," akasema, "umewabeba watoto, ukaacha mama zao?" Wiki iliyofuata alishuka Katuba na beseni lake kichwani, na ndani, badala ya bowa, kulikuwa na udongo. Udongo mweusi wa chini ya majani, kutoka miguuni mwa miombo mikubwa, bado una vipande vya mizizi na zile nyuzi nyeupe.

Mimi hiyo hadithi nilikuwa naifundisha! Naapa. Kila mwaka nilikuwa naandika ubaoni habari za misonobari. Wazungu walipoleta miche ya msonobari katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, mahali pengi ilikataa, ikawa njano, ikadumaa. Haikukubali mpaka walipoleta udongo kutoka mahali ambapo misonobari ilikuwa imekwisha kukua, na katika udongo huo mlikuwa na kuvu yake. Konzi chache tu, na shamba likageuka kijani. Miaka 34 nimeiandika ubaoni, wanafunzi wamepewa alama kwa kuijibu. Halafu najaza vifuko 60 udongo wa mbuzi.

Sasa alipotua lile beseni, mkono wangu ulikwenda wapi? Mfukoni. Wenyewe, bila kuniuliza. Vidole vimekwisha kushika noti. Nikamkumbuka yaya. Nikautoa mkono mtupu. Nikapokea beseni kwa mikono miwili, nikasema asante, nikanyamaza. Ilikuwa ngumu, msinicheke. Nilisikia joto usoni kama niliyekamatwa na kitu cha wizi.

Mama Bowa akakaa, akanywa maji. Alipotaka kuondoka ndipo akasema, kama jambo la kupita tu, kwamba ana mtoto Kolwezi, migodini. Anamwandikia kwenye simu. Yeye hajui kusoma, na vijana wa pale barabarani wanaomsomea hucheka na kusimulia wengine. Je, mimi ningeweza kumsomea?

Kumbe alikuwa na jambo lake miezi yote ile, na hakuwa na pa kuliingilia. Sasa kila wiki anakuja, ananipa simu, tunakaa upande wa nyuma, namsomea pole pole. Akitaka kujibu ananiambia, nami naandika kama anavyosema, na makosa yake na salamu zake zote. Yaliyomo siyasemi hapa.

Miche 19 yote ipo. Ni mifupi bado, inafika hapa, kidole na kiganja. Muombo mchanga ndivyo ulivyo. Miaka ya kwanza unaonekana umelala, kumbe kazi yote iko chini, mzizi unashuka. Ila majani ni ya kijani. Yale mapya yalitoka mekundu, kama msitu unavyofanya kabla ya mvua.

Paroko amenionyesha kipande cha nyuma ya kanisa, tunaweza kuipanda huko. Kila shimo litahitaji udongo wake wa msituni. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Mama Bowa atanisubiri njiani, atuonyeshe mahali pa kuuchukua, kidogo hapa kidogo pale, ili tusiuumize msitu. Ni kutembea kama saa mbili kutoka barabarani.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye jambo lenyewe lililonileta, mwenyekiti anisamehe kwa kuzunguka. Magoti yangu yameisha. Yule mganga mliyemwona nyumbani kwangu wiki ile hakuja kunywa chai. Kwenda naweza, nikipumzika njiani. Kurudi na mzigo, siwezi. Nahitaji watu wawili wa kubeba, au watatu. Pesa ya kuwalipa sina, na hata ningekuwa nayo nisingeitoa, mmesikia kwa nini. Nawaomba tu. Mnaona ninavyoizungushazungusha kofia mkononi kulisema hili? Nawaomba mje mnisaidie.

Naona mkono mmoja kule nyuma, chini ya kamba ya nguo. Ni nani? Simama, nikuone.